Baba aliyepoteza kazi asifiche uso wake



Katika Injili ya Matayo, sura ya 20, Bwana wetu Yezu Kristu anatusimulia habari za mwenye shamba la mizabibu aliyetoka alfajiri kutafuta watu wa kazi. Habari hii tumeisikia mara nyingi, na kila mara macho yetu yanakwenda kwenye mshahara: dinari moja kwa wale walioteseka juani mchana kutwa, na dinari moja kwa wale waliofika jioni. Leo naomba tutazame mahali pengine. Tuwatazame wale watu waliosimama sokoni mpaka saa kumi na moja. Katika lugha yetu hatuna haja ya kufafanua saa ile: ni saa kumi na moja yetu ya jioni, jua linaposhuka, na mtu asiyepata kazi anajua kwamba siku yake imekwisha.

Mwenye shamba aliwauliza sababu ya kusimama bure. Nao walimjibu kwa ufupi, bila kujitetea na bila kudanganya, kwamba hawakupata mtu wa kuwapa kazi. Jibu lile ni dogo sana. Lakini wako baba wengi katika parokia zetu ambao hawawezi kulitamka, hata mbele ya mke wao. Kwa ajili yao naandika ukurasa huu, na kwa ajili yetu sisi tunaokaa nao.

I. Mtu aliyekaa chini ya mwembe

Nafundisha darasa la tano katika shule ya msingi ya misioni, katika mji mmoja wa migodi huku Katanga. Nyuma ya shule yetu kuna reli, na kando ya reli kuna mwembe wa zamani. Mwaka jana, mwanzoni mwa Kwaresima, nilianza kumwona baba mmoja amekaa pale toka asubuhi. Alivaa nguo za kazi, zimefuliwa na kupigwa pasi. Karibu naye palikuwa na kifuko cha chakula. Saa sita alikula. Saa kumi alisimama, akajipangusa vumbi, akashika njia ya nyumbani pamoja na wale wanaotoka kazini.

Nilimjua. Mtoto wake alikuwa katika darasa langu. Kwa miaka kumi na tisa baba huyu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Kisha kampuni ilipunguza watu, naye akapewa barua.

Ijumaa moja niliwaongoza watoto kwenda kanisani kwa Njia ya Msalaba. Njia yetu ilipita karibu na mwembe ule. Mtoto alimwona baba yake, na baba alimwona mtoto. Mtoto akageuza uso, akaanza kusoma maandishi ya duka lililo ng'ambo ya barabara kana kwamba hajapata kuyaona. Hakusema neno. Hapo nikaelewa kwamba mtoto alijua habari ile, tena alikuwa ameijua siku nyingi.

Jumatatu nilimwendea yule baba. Nikamwambia maneno ambayo sisi walimu wa dini tunayo tayari mdomoni: asihuzunike, asali tu, Mungu atafungua mlango mwingine. Alinisikiliza kwa heshima. Akaniitikia, «Asante, mwalimu.» Kisha akatwaa kifuko chake, akaondoka, na kwa juma zima hakuonekana tena pale. Ndivyo nilivyomfukuza hata katika mahali pake pa kujificha. Maneno yangu hayakuwa ya uongo. Lakini niliyasema upesi, ili huzuni yake isinichoshe mimi. Naungama kosa hilo mbele yenu, wazee wangu, kwa maana nadhani sikulitenda peke yangu.

II. Kwa nini aibu hii ni kubwa

Tusimcheke mtu anayejificha. Aibu yake ina mizizi mirefu katika nchi yetu.

Babu zetu walipoingia Union Minière, wengi walikuja kwa muda, wakarudi vijijini. Kuanzia miaka ya 1920 kampuni ile ilianza kuwataka wakae na wake na watoto wao kambini. Ikawapa nyumba, posho ya unga, hospitali na shule. Na mapadri na masista wakafundisha katika shule zile. Baada ya serikali kuitwaa kampuni, ikaja Gécamines, na mambo yakaendelea hivyo. Watu wakazoea kusema kwamba kazi ni baba, kazi ni mama. Mtoto alizaliwa katika hospitali ya kampuni, akafunzwa katika shule ya kampuni, na baba yake alipokufa, kampuni ikatoa sanduku la maiti.

Baadaye mama yule akaugua. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka mmoja. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto kule Kolwezi uliporomoka, na miaka iliyofuata ilikuwa ya machafuko. Mwaka 2003 shaba yake haikufika tani 20,000. Mwaka ule ule ulianza mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka, kila mmoja na malipo ya mara moja, baada ya kukaa miezi mingi bila mshahara. Mpango ule uliitwa wa kuondoka kwa hiari. Wazee walioupitia wanajua hiari ile ilikuwa na uzito gani. Wengine waliweza kujenga au kufungua biashara ndogo. Wengine waliona fedha ile ikiyeyuka mikononi kabla hawajajua la kufanya nayo.

Kwa hiyo, mtu wa huku anapopoteza kazi hapotezi mshahara tu. Anapoteza jina ambalo majirani walimwitia, saa zake za kuamka, rafiki zake wa zamu, na kiti chake mbele ya watoto. Ni kama kufiwa. Lakini tazameni tofauti: mtu akifiwa, tunakwenda kilioni, tunakaa naye usiku, tunamletea unga na makala. Kazi ikifa, hakuna kilio. Mtu anazika peke yake, gizani, na kesho anavaa nguo zake kana kwamba hakuna maiti nyumbani.

III. Mtu ni nani mbele ya Mungu?

Hapa tukumbuke mafundisho ya Kanisa. Katika kitabu cha Mwanzo, Mungu anamwumba mtu kwa mfano wake katika sura ya kwanza. Habari ya kumweka bustanini ailime na kuitunza inafuata katika sura ya pili. Heshima ya mtu inatangulia kazi yake. Papa Leo XIII aliwatetea wafanyakazi katika barua yake *Rerum Novarum* ya mwaka 1891. Mwaka 1955 Papa Pio XII aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Yosefu Mtakatifu mfanyakazi. Na Mtakatifu Yohane Paulo II, katika barua *Laborem Exercens* ya mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi iko kwa ajili ya mtu, wala mtu hakuumbwa kwa ajili ya kazi. Katika barua ile ile alisema pia kwamba kukosa kazi ni ovu, na kwamba wenye mamlaka wana wajibu wa kupigana nalo.

Tusipotoshe mafundisho haya. Kanisa halisemi kwamba kazi ni kitu kidogo, wala kwamba aliyeikosa asione uchungu. Linasema kwamba yule aliyebaki chini ya mwembe, hata kama barua ya kampuni imemwondolea namba yake, hajaondolewa kitu chochote cha alama aliyotiwa siku ya Ubatizo. Yeye ni mume bado, ni baba bado, ni mwana wa Mungu bado.

IV. Malaika hakumhubiria Eliya

Basi tufanye nini na uchungu wenyewe? Somo zuri liko katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Nabii Eliya alikimbia jangwani. Kazi yake aliiona imeharibika yote. Akaketi chini ya mti, akamwomba Mungu amwachie afe. Kumbukeni vizuri: nabii mtakatifu, chini ya mti, hataki tena kuishi.

Na malaika alipokuja, alifanya nini? Hakumkemea. Hakumfundisha. Alimgusa, akamwonyesha mkate na maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili, akamlisha tena, kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Ndipo Eliya akatembea siku arobaini mpaka mlima Horebu, na kule Mungu akamwuliza anafanya nini mahali pale. Eliya akamwaga moyo wake wote. Mungu akamwacha aseme, akamwuliza mara ya pili, akamwacha aseme tena. Baadaye tu ndipo alipompa utume mwingine, na kumjulisha kwamba hakuwa peke yake: katika Israeli walisalia watu 7,000 waliokuwa waaminifu.

Huo ndio mpango wa Mungu kwa mtu aliyevunjika moyo: kwanza chakula na usingizi, kisha kumsikiliza, kisha kazi mpya na wenzake. Mimi nilianza na mahubiri, na mtu akakimbia.

Juma la pili yule baba alirudi mwembeni. Safari hii nilikaa karibu naye, nikanyamaza. Tulitazama gari la moshi likipita na shehena yake. Baada ya muda mrefu akasema, «Mwalimu, mimi siumwi na njaa. Kila asubuhi mke wangu ananifungia chakula. Nikimwambia ukweli, nitakuwa nani katika nyumba ile?» Sikuwa na jibu. Nikamwuliza tu kama angependa nimsindikize. Akakataa, akasema atakwenda peke yake.

Jioni ile alimwambia mke wake. Na mama yule akamjibu kwamba aliijua habari toka juma la pili, kwa maana sokoni hakuna siri. «Niliogopa,» akasema, «kwamba nikitamka, utakosa hata mahali pa kwenda asubuhi.» Kwa hiyo alikuwa akiamka, akipika bukari, akifunga kifuko, akimwaga mume wake mlangoni, na kulia baadaye. Baba alimficha mama, mama alimficha baba, na mtoto aliwaficha wote wawili. Watu watatu waliopendana, kila mmoja amebeba mzigo ule ule peke yake, chini ya bati moja.

Ndugu zangu, tazameni jinsi Shetani anavyofanya kazi. Mara nyingi haji na chuki. Anakuja na aibu, na aibu inatufunga midomo.

V. Mashauri kwa aliyepoteza kazi

Kwanza, useme. Siku ile ile, au kesho yake, umwambie mke wako, au mume wako, kwa maana akina mama pia wanapoteza kazi. Waambie na watoto, kwa maneno ya umri wao. Mtoto anayeambiwa ukweli anaweza kusali pamoja nawe. Mtoto anayefichwa anabaki kukisia, na makisio ya usiku yanatisha kuliko ukweli.

Pili, umlilie Mungu bila kupamba maneno. Eliya alisali hivyo, na Yobu pia. Mungu hachukizwi na machozi ya mtu mzima.

Tatu, udai haki yako kwa utulivu. Kuomba malipo yako ya mwisho si uchoyo, wala si kukosa imani. Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya mwaka 2002, inamtaka mwajiri aandike barua na kutaja sababu ya kumwachisha mtu kazi. Na ugomvi ukitokea, unapelekwa kwanza kwa mkaguzi wa kazi ili awapatanishe, kabla ya kufika mahakamani. Tunza karatasi zako zote. Asiyejua kusoma Kifaransa aende na mtu wa kuaminika.

Nne, ujihadhari na njia mbili za upotevu. Moja ni pombe, inayokopesha usingizi leo na kuudai kesho pamoja na faida. Nyingine ni kutafuta mchawi. Siku ya msiba ndugu watakuja usiku kukunong'oneza kwamba fulani amekufunga, na pengine kidole kitamwelekea mtoto: yatima anayelala jikoni, au mtoto anayekojoa kitandani. Mkristu, usisikilize! Kampuni ilipunguza watu kwa hesabu zake. Mtoto wa miaka minane hakuandika barua ile. Kumshtaki mtoto uchawi ni dhambi nzito, na sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwadhibu anayefanya hivyo.

Tano, uweke saa zako. Amka saa ile ile uliyozoea. Fanya kazi iliyo mbele ya mkono wako, hata ikiwa ndogo: palizi, ukuta wa jirani, baiskeli ya mwalimu. Mtume Paulo alijipatia riziki kwa kushona mahema kule Korinto, na hakuona kwamba sindano inampunguzia utume. Yosefu Mtakatifu alipoambiwa akimbilie Misri, aliondoka usiku. Hakuna Injili inayotuambia alipata kazi gani kule. Inatosha kujua kwamba Mama na Mtoto hawakuachwa.

VI. Mashauri kwa sisi wengine

Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo walichagua kulijenga Kanisa juu ya jumuiya ndogo zilizo hai, hizi ambazo sisi tunaziita mashirika. Shirika linalojua kuimba lakini halijui ni nani kati yao hana unga, bado halijaishi.

Tusimwulize mtu kila siku, «Umepata?» Swali hilo, hata likitoka katika upendo, linamchoma kama mwiba ule ule mahali pale pale. Tumpe kazi ya kweli tukiwa nayo, tumlipe bila kuchelewa, tusimnyonye kwa sababu ana shida. Tusimwondoe katika kamati kwa kuwa hana sadaka ya kutoa. Tumwache akae kiti chake. Na akitaka kusema, tunyamaze.

Nanyi mliobaki kazini, msijione wema kuliko aliyeondoka. Jina lenu halikuwa katika orodha ile; hiyo ni neema ya kushukuriwa, wala haiwapi ruhusa ya kumcheka mwenzenu.

VII. Saa kumi na moja

Mtaniuliza: yule baba alipata kazi? Hapana, mpaka leo hakurudi katika kampuni yoyote. Alikopa mashine ya kuchomelea kwa ndugu wa shirika, na sasa anatengeneza milango na madirisha ya majirani. Miezi mingine fedha inatosha; miezi mingine haitoshi, na siku ambazo umeme haupo hana la kufanya. Sitawadanganya kwamba huzuni imekwisha. Lakini mtoto wake, nilipowauliza watoto darasani kazi za wazazi wao, alisimama akasema kwa sauti kwamba baba yake hana kampuni, anatengeneza milango. Kisha akaketi.

Wale wa sokoni katika Injili hawakujua kwamba mwenye shamba atapita tena saa kumi na moja. Walibaki tu mahali ambapo mtu angeweza kuwaona, na walipoulizwa, walisema kweli. Kama wangekwenda kujificha nyuma ya ukuta kwa aibu, mwenye shamba asingewakuta. Tena angalieni: baada ya jibu lao hakuwaita wavivu. Aliwatuma shambani.

Makusudi ya mwezi huu: Kila shirika limtembelee mtu mmoja aliyepoteza kazi, lisipeleke mahubiri, lipeleke chakula na masikio.

Maswali ya kuzungumza: 1. Je, katika mtaa wetu yuko mtu anayejificha kwa sababu ya kukosa kazi? 2. Maneno gani tumezoea kuyasema upesi kwa mwenye huzuni? 3. Nyumbani mwetu, ni jambo gani ambalo kila mmoja analijua na hakuna anayelitamka?

Tusali: Ee Yezu, uliyejulikana Nazareti kwa jina la mwana wa seremala, uwatazame baba na mama waliopoteza kazi. Uwafungue midomo iliyofungwa na aibu. Uwalinde watoto wao. Utufundishe sisi kukaa karibu nao na kunyamaza. Na jua linaposhuka, ewe Bwana wa shamba, upite tena sokoni. Amina.